Kwa nini wagombea hupakwa poda?

SWALI: Dada, habari za kazi. Nimeona picha ya mgombea akipakwa poda kabla ya mdahalo wa runinga. Mwanamume mzima, tena anaomba kura! Huo si udanganyifu?
Msomaji, Voi

JIBU: Kaka yangu, nimewapaka poda wanasiasa na waigizaji wengi, na sioni udanganyifu hapo. Taa za studio ni kali. Ngozi ikitoa mafuta kidogo tu, paji la uso na pua humeremeta, na jasho juu ya mdomo humfanya mtu aonekane amebanwa na swali hata kama analijibu vizuri. Mtazamaji huacha maneno akatazama jasho.

Wanasiasa walijifunza kwa Richard Nixon, mgombea urais wa Marekani, alipokutana na mpinzani wake John Kennedy kwenye mdahalo wa runinga, Chicago, tarehe 26 Septemba 1960. Wiki chache kabla, Nixon alikuwa amelazwa kwa ugonjwa wa goti, akakonda hadi kola ya shati ikampwaya. Wote wawili walikataa mpambaji wa studio. Kennedy, ambaye ngozi yake ilikuwa imekolea rangi kwa jua, akarekebishwa kidogo na mtu wake. Nixon akapakwa poda ya dukani ya kuficha ndevu. Jasho likamtoka hadharani, na suti yake ya kijivu ikamezwa na ukuta wa kijivu. Husemwa sana kwamba waliosikiliza redioni walimpa yeye ushindi. Ushahidi wa hilo ni hafifu, lakini wengi huamini sura ile ilimgharimu.

Kinachoniuma mimi ni poda isiyolingana na ngozi. Mtu mweusi anapakwa poda nyeupe, anatokea hewani uso umepauka na shingo ina rangi yake. Hilo ndilo linalompotosha mtazamaji! Rangi hujaribiwa kwenye taya, si kwenye kiganja. Naweka tishu kwenye kola, nakandamiza kwa sifongo bila kusugua, halafu naenda kumtazama kwenye skrini, kwa sababu kioo cha chumba cha kupambia hakina taa zile. Mwenye upara napaka hadi kisogoni. Taa ya nyuma humpiga pale pale.

Kwenye mdahalo nataka wagombea wote wapewe mpambaji na muda sawa. Anayekataa ana haki yake, ila akae kwanza chini ya taa aoneshwe uso wake kwenye skrini, ndipo aamue.