Prosesa kufika nyuzi 97 ukicheza gemu

Ndugu yangu, umeuliza kama ni joto la Malindi linaloifanya prosesa, ile chipu kuu ya kompyuta yako, ichemke hivyo. Nyuzi 97 ndani ya dakika tano, na feni inazunguka, si joto la Malindi peke yake. Hata wakati wa kaskazi chumba ni nyuzi 30 na ushee tu. Yaelekea kipoza joto, kile chuma chenye feni kinachokaa juu ya prosesa, hakijagusana nayo vizuri. Umesema ulikifunga mwenyewe wiki jana: zima, chomoa umeme, kifungue uone kama ile plastiki ya kukinga sehemu yake ya chini uliibandua. Nimeikuta kwa wateja wawili hapa mjini! Futa pasta ya zamani (ile krimu ya kupitisha joto kati ya prosesa na kipoza) kwa spiriti, weka mpya kiasi cha punje ya mbaazi, kaza skrubu kwa mshazari, kidogo kidogo. Vumbi la kwenye mapezi, yale mabati membamba ya kipoza, lipige brashi kavu. Tafadhali usicheze kabla ya hapo.