Kitambaa kimoja, maabara mbili, majibu mawili

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Tunashona nguo za watoto, na mnunuzi wetu wa Ulaya anataka ripoti ya maabara kwamba rangi haina kemikali zilizokatazwa. Tulikata vipande viwili kwenye jora moja la poliesta ya rangi ya chungwa, tukapeleka maabara mbili. Ya kwanza imeandika amini zote (kemikali zinazoweza kutoka rangi ikivunjika) "hazikugundulika". Ya pili imekuta 4-aminoazobenzini miligramu 38 kwa kilo, ikakiangusha kitambaa. Tukikifua hakichuji hata kidogo. Nani kakosea?

JIBU: Habari njema. Kabla ya kumtafuta mwenye kosa, zisome ripoti zote mbili pale palipoandikwa njia ya kupimia. Nahisi ya kwanza imetaja ISO 14362-1 peke yake, yaani sehemu ya 1 ya kiwango cha kimataifa cha kupima amini hizi, na ya pili imeongeza ISO 14362-3, yaani sehemu ya 3. Kama ni hivyo, maabara zote mbili zinaweza kuwa zimepima vizuri, ila hazikupima kitu kimoja.

Rangi nyingi za nguo ni za jamii ya azo, yaani zina kifungo cha nitrojeni mbili zilizoshikana, na nyingi kati ya hizo hazina katazo lolote. Zinazokatazwa ni zile ambazo zikivunjika zinaweza kutoa mojawapo ya amini zinazoweza kusababisha saratani, kama benzidini. Sheria ya Ulaya imeorodhesha amini 22, na kila moja isizidi miligramu 30 kwa kilo. Uchina kikomo ni 20. Kwa hiyo maabara haiitafuti rangi yenyewe, inaivunja kwa makusudi, kisha inatafuta vipande vyake. Gramu moja ya kitambaa hukatwakatwa, ikawekwa kwenye bafa ya sitrati (kimiminika kisichobadilisha ukali wake wa asidi) yenye pH 6 kwa nyuzijoto 70, ikaongezwa sodiamu dithionaiti ambayo hukata kile kifungo cha azo. Kinachotoka hukamuliwa kwa etha na kusomwa kwenye mashine ya kromatografia, inayotenganisha kemikali na kuzionyesha kama vilele kwenye chati.

Sasa tatizo lako. Hiyo 4-aminoazobenzini ni amini iliyo kwenye orodha, lakini nayo ina kifungo cha azo ndani yake. Kemikali ileile iliyoikomboa kutoka kwenye rangi huivunja tena, ikabaki anilini na 1,4-fenilinidiamini, ambazo hazimo kwenye zile 22. Mtu anayepitia orodha tu ataandika "haikugundulika" na hatakuwa amedanganya. Aliyezoea kazi akiona vilele vya hizo mbili kwenye chati husimama, halafu hurudia kwa sehemu ya 3 ya kiwango hicho: kimiminika cha alkali, nyuzijoto 40 tu. Kwa upole huo amini yenyewe husalimika, ikahesabika. Ripoti iliyoishia sehemu ya 1 haiwezi kusema lolote kuhusu amini hii, na ilipaswa kuandika kwamba haikupimwa.

Kuna mambo mawili mengine yanayoweza kushusha namba. Kwanza, poliesta hutiwa rangi za aina ya disperse, ambazo hukaa ndani ya uzi wenyewe na hazitoki kwa maji ya nyuzi 70. Lazima zitolewe kwanza kwa kiyeyushi cha moto. Maabara ikiipima poliesta kana kwamba ni pamba, rangi hubaki kwenye uzi na matokeo huwa safi. Pili, maabara nyingi huchanganya rangi hadi tatu kwenye sampuli moja ili kupunguza gharama. Changanya kitambaa chako na vingine viwili visivyo na kitu, kwa uzito sawa, na ile 38 itasomeka chini kidogo ya 13. Maabara makini ikiona kiasi cha namna hiyo hupima kila rangi peke yake.

Kutochuja ni sifa nzuri, ila hakujibu swali hili. Vipimo vya rangi kung'ang'ania, kama vya kusugua na vya jasho, huangalia kama rangi inahama. Hiki cha amini huuliza rangi ingetoa nini kama ingevunjika. Mtoto hunyonya mkono wa shati, na bakteria wa ngozi na wa utumbo wanaweza kuvunja baadhi ya rangi za azo.

Iandikie maabara ya kwanza: je, chati yao inaonyesha anilini na 1,4-fenilinidiamini? Kiyeyushi kilitumika? Sampuli ilichanganywa? Wakijibu ndiyo kwa la kwanza, omba sehemu ya 3, rangi hiyo peke yake. Binafsi nisingebishana sana na ile 38. Ingekuwa amini nyingine, mfano 4,4'-diaminodifenilimethani kwenye kitambaa chenye povu la poliyurethani, ningeshuku kwamba imetoka kwenye povu na si kwenye rangi. Yako haina utata huo.

Wala usikifue upya ukitumaini itapungua. Mwombe mtia rangi namba ya Colour Index (orodha ya kimataifa ya rangi) ya kila rangi aliyotumia kwenye jora hilo, na usikubali akikujibu kwamba rangi zake "hazina azo", maana rangi nyingi za nguo ni za azo. Akibadilisha rangi, pima jora jipya, kipande kisichofuliwa, na namba ya mkupuo wa utiaji rangi iandikwe kwenye bahasha ya sampuli na kwenye ripoti pia.