Macho kuwasha na kope kuvimba ukitumia minoksidili

Umeuliza kama macho kuwasha na kope kuvimba asubuhi kunatokana na minoksidili, dawa ya kuotesha nywele, ya asilimia 5 unayopaka kichwani. Inawezekana kabisa, na mara nyingi tatizo ni upakaji.

Dawa ya maji huwa na alkoholi na propilini glaikoli (kimiminika cha kuyeyushia dawa), na vyote huchoma jicho. Ukipaka na kulala papo hapo, dawa inahamia kwenye mto, kisha usoni. Kipimo ni mililita 1 mara mbili kwa siku, kwenye ngozi kavu ya kichwa. Ile ya jioni ipake masaa 2 hadi 4 kabla ya kulala, halafu nawa mikono kwa sabuni, hasa kama unavaa lenzi. Ikiingia jichoni, suuza kwa maji mengi ya baridi. Na usizidishe kipimo: nywele haziharakishwi, ila dawa nyingi zaidi inaingia kwenye damu.

Uvimbe usiowasha ni habari nyingine. Minoksidili hutanua mishipa ya damu na kuufanya mwili ushikilie chumvi na maji, zaidi kwa wanaomeza vidonge. Miguu nayo ikivimba, uzito ukipanda ghafla au moyo ukienda mbio, acha dawa umwone daktari haraka.

Kuona ukungu ghafla, au mistari iliyonyooka kuonekana imepinda? Daktari wa macho, siku hiyohiyo.

Kama unameza pia finasteridi, dawa nyingine ya kuzuia upotevu wa nywele, mtajie daktari kabla ya upasuaji wowote wa mtoto wa jicho.