Nilikuwa na PDF zote za darasa, na bado takwimu nikapata sapu, yaani mtihani wa marudio

Juzi usiku nimepata meseji ya kijana mmoja yuko mwaka wa pili huko Mbeya, ameandika hivi, "Kaka habari za usiku, samahani naomba uniunge kwenye grupu lolote lenye madesa ya takwimu na past pepa, UE mwezi ujao." Madesa ndiyo zile notsi na majibu ya kukopi yanayozungushwa, na UE ni mtihani wa chuo wa mwisho wa muhula. Meseji hiyo nimeisoma mara tatu nikashindwa kulala, maana huyo kijana ni mimi wa mwaka 2020 kabisa, ndiyo maana nimeamua kumjibu hapa ili na wengine mnaohangaika mpate.

Niwaambie ukweli ambao kwa muda mrefu nilikuwa naona aibu kuusema. Darasa letu tulikuwa zaidi ya watu 300, na enzi zile grupu la WhatsApp mwisho lilikuwa watu 256, kwahiyo waliobaki nje wakafunguliwa grupu la pili na admini wake nikawa mimi. Kazi yangu ilikuwa kuchukua kila kitu kule kwa wenzetu na kukileta huku, slaidi, past pepa, asainmenti zilizosahihishwa, picha za daftari la dada mmoja mwenye mwandiko mzuri ambaye kila mtu alikuwa anamtegemea. Mtu akikosa kitu ananitafuta mimi. Hata saa saba usiku simu inaita, "kaka una ile ya semina ya nne?" na mimi ninayo. Nilijisikia vizuri sana, siwezi kudanganya. Kaka yangu mkubwa alisoma chuo kabla mkongo wa intaneti wa Seacom haujafika Dar mwaka 2009, alikuwa anapanga foleni steshenari kutoa kopi na intaneti analipia kafe kwa saa, nami nikawa namwambia nyie mlikuwa mnateseka bure, sisi maktaba nzima iko mfukoni.

Mwezi wa tatu 2020 vyuo vikafungwa kwa sababu ya korona, nikarudi nyumbani Singida. Chuo kilikuwa na mfumo wake onlaini wa kuwekea masomo, lakini kwenye takwimu tulikuta slaidi mbili tu na tangazo la zamani, lekchara wetu hatukumsikia tena mpaka tuliporudi mwezi wa sita. Hilo liliniuma na linaniuma hadi leo, maana kuna watu tulikuwa tunatembea kutafuta netiwaki ili tufungue kitu ambacho hakipo. Basi magrupu ndiyo yakawa chuo. Telegram, WhatsApp, kila siku mafaili. Nikawa nashusha kwa bando la usiku, napanga kwenye folda kwa majina ya kozi, asubuhi nafowadi. Nilikuwa nachoka kama mtu aliyesoma kweli, na hapo ndipo kosa lenyewe lilipokuwa, nilichoka bila kusoma.

Matokeo yalipotoka nikapita kozi zote isipokuwa takwimu. Sapu. Na kilichoniumiza zaidi siyo ile sapu, ni kwamba watu niliowatumia madesa kwa mkono wangu walipita, na mmoja akaandika kwenye grupu nililolifungua mwenyewe, "admini kafeli na mzigo wote anao yeye," wakacheka watu kama arobaini hivi. Nilijitoa kwenye grupu siku ile ile. Sikumjibu mpaka leo.

Sasa nilitokaje. Hapa naomba msome taratibu maana ndiyo sababu ya kuandika.

Tulijikusanya wanne wote wenye sapu ileile, tukafungua grupu jipya na sheria moja tu, hairuhusiwi kutuma faili. Ni voisi tu. Kila jioni mmoja anachukua swali moja anawaeleza wenzake kwa dakika zisizozidi tatu, na anaeleza kwa Kiswahili. Hiyo ya Kiswahili ilitoka kwa bahati, mmoja wetu alisema amechoka kuigiza Kiingereza, lakini ndiyo iliyotuokoa. Chuoni tunafundishwa kwa Kiingereza na tunajibu kwa Kiingereza, unaweza ukakariri sentensi nzima ukaitema kwenye karatasi bila kujua inasema nini. Ukiambiwa ieleze kama unamwelezea mdogo wako nyumbani, hapo huna pa kujificha.

Siku ya kwanza zamu yangu ilikuwa ile fomula ya mtawanyiko, yaani kupima namba zimetawanyika kiasi gani kutoka kwenye wastani, kwamba kwa nini kwenye sampuli ile jumla ya tofauti zilizopigwa mraba tunaigawa kwa n kutoa 1 na siyo n yenyewe, n ikiwa ni idadi ya namba. Fomula naijua, ipo kwenye PDF zangu si chini ya kumi. Nikabonyeza kitufe cha kurekodi, nikasema "jamani ile moja tunaitoa kwa sababu..." nikanyamaza. Nikafuta. Nikarudia, nikafuta. Ilikuwa kama saa tatu usiku, mama ananiita kula na mimi nimeshika simu sina la kusema. Yaani somo zima nimelifowadi kwa mamia ya watu na sikuwa na sentensi moja yangu.

Nikaingia YouTube, nikatafuta video za masomo za Khan Academy, nikazicheki kwa ubora wa chini kabisa ili bando litoshe, kila dakika mbili nasimamisha nasema kwa mdomo nilichosikia. Mpaka ikaingia, na nilivyoeleza ni hivi. Chukua namba mbili, 4 na 8. Wastani ni 6. Ya kwanza imepungua 2, ya pili imezidi 2. Ukishaniambia ya kwanza imepungua 2, ya pili sihitaji kuambiwa, lazima izidi 2, la sivyo wastani hauwi 6. Kwahiyo namba unazo mbili lakini iliyo huru ni moja, maana wastani wenyewe umeutoa humohumo kwenye hizo namba, na ukigawa kwa mbili, kwa kawaida utapata mtawanyiko mdogo kuliko ule wa kweli. Nilipomaliza ile voisi nikaisikiliza mwenyewe mara nne. Ilikuwa sauti yangu inafundisha takwimu!

Sapu nikaivuka, na mwaka uliofuata kozi ya takwimu ya juu nikapata A. Naitaja kwa fahari kabisa kwa sababu najua nilikotoka, na yule aliyenicheka anisome.

Baadaye nikakutana na utafiti wa wanasaikolojia Jeffrey Karpicke na Henry Roediger uliotoka kwenye jarida la Science mwaka 2008. Waliwafundisha wanafunzi wa Marekani maneno 40 ya Kiswahili, ndiyo, Kiswahili hiki chetu, mashua na mengine. Wote waliyashika. Halafu kuna waliokuwa wakiendelea kuulizwa hata maneno waliyokwisha kuyapata, na kuna waliokuwa wakiendelea kuyasoma tu bila kuulizwa. Baada ya wiki moja wale wa kuulizwa walikumbuka kama asilimia 80, wale wa kusoma tu wakabaki na theluthi hivi. Nilisisimka mwili, maana ndicho kilichotutokea sisi wanne na hatukujua kama kimeshafanyiwa utafiti.

Kwahiyo ndugu zangu wanafunzi, na najua wote mnaosoma hapa mnataka kutoka na GPA inayoeleweka, acheni kukusanya. Faili likiingia kwenye simu halijaingia kichwani. Fungueni magrupu madogo, watu wanne au watano, semeni kwa sauti, semeni kwa Kiswahili, kosoaneni bila kuchekana. Ukishindwa kusema hujasoma, rudi ukasome. Na hii ChatGPT iliyokuja mwisho wa 2022 nayo ni hivyohivyo, naona vijana wanaiuliza swali wanakopi jibu wanapeleka asainmenti, aisee hilo ni desa lingine tu limevaa suti. Igeuzeni, iambieni iwaulize nyie maswali, mjibu kwa maneno yenu bila kuangalia. Na walimu wetu, kwa heshima zote, kurekodi dakika kumi za lekcha kwa simu na kuziweka hewani kungemwokoa mtoto wa mtu aliyeko kijijini.

Mdogo wangu wa Mbeya, grupu la madesa sikuungi. Lakini chukua namba 3, 5 na 10, tafuta mtawanyiko wake, halafu nitumie voisi ya dakika mbili kwa Kiswahili unieleze kwa nini umegawa kwa 2 na siyo kwa 3. Ukikwama katikati itume hivyohivyo ilivyokwama usifute, nitaisikiliza nikitoka kazini.