Kwenda Gozo na kurudi siku hiyohiyo kwa basi na feri: niliyojifunza nikiwa na mama mdogo

Mwaka juzi nilikuwa Malta, ile nchi ya visiwa katika Bahari ya Mediterania, na mama mdogo, tumefikia mji mkuu Valletta, na kila tuliyeongea naye anatuambia lazima mwende Gozo, ni kisiwa kidogo cha jirani mnaenda asubuhi mnarudi jioni. Kweli inawezekana na ni rahisi sana, ila kuna vitu laiti ningevijua mapema hasa ukiwa na mtu mzima ambaye magoti yanamsumbua, ndo maana naandika.

Kitu cha kwanza ni muda. Basi za kwenda Ċirkewwa, ambako ndo feri inapandiwa, zinatoka stendi kubwa ya Valletta pale nje ya geti la mji karibu na chemchemi ya Triton, ni namba 41 na 42. Kwenye ramani unaona padogo unasema nusu saa nimefika, lakini basi linazunguka na kusimama kila kituo, sisi lilituchukua saa nzima na robo, kwa hiyo toka saa 1 asubuhi. Ukitoka saa 4 siku imeshaondoka na basi limejaa utasimama njia nzima. Kaeni upande wa kulia, baada ya Mosta mtateremka hadi ghuba ya Mtakatifu Paulo, na wale wanaosoma Matendo ya Mitume sura ya 28 wanajua Paulo meli ilimvunjikia Malta, wenyeji wanaamini ni maeneo hayo. Mama mdogo alinyamaza kabisa, akawa anaangalia tu maji mpaka tukapapita.

Ukifika Ċirkewwa usihangaike kutafuta dirisha la tiketi, feri kubwa unapanda bure, nauli unalipa wakati wa kurudi ukiwa bandari ya Mġarr upande wa Gozo. Sisi tulilipa yuro 4.65 kila mtu na hiyo ndo ya kwenda na kurudi. Ni dakika 25 tu majini, feri inabeba magari na malori, juu kuna ukumbi wa kukaa na chai. Kwa aliyezoea boti ya Dar kwenda Unguja hii ni fupi mno, mama mdogo alikuwa ameshameza kidonge cha kichefuchefu na hata hakikuhitajika. Kisiwa kidogo mnachokipita kulia ni Comino.

Sasa hapa ndo penyewe, sikilizeni. Tatizo la Gozo si bahari ni basi. Karibu basi zote zinaanzia Victoria, mji wa katikati ambao wenyeji wengi bado wanauita Rabat, na njia nyingi basi linapita mara moja tu kwa saa, yaani ukilikosa umekaa juani saa nzima. Mimi nilipanga sehemu tano kwa siku moja, ngome ya Cittadella, mahekalu ya Ġgantija, ufukwe wa mchanga mwekundu wa Ramla, Dwejra na mashamba ya chumvi, na hiyo ni hesabu ya mtu mwenye gari. Kwa basi chagua sehemu mbili, ukijitahidi sana tatu. Dwejra watu wengi wanaenda kwa sababu ya picha za lile tao la mwamba baharini lililoitwa Azure Window (dirisha la buluu), lile lilianguka na dhoruba tarehe 8 Machi 2017 halipo tena, pazuri bado lakini nenda ukijua hivo.

Sisi tukaishia Cittadella, Ġgantija na chumvi. Cittadella ni karibu tu na stendi ya Victoria ila ni kilima, mpandisheni mzee polepole kabla jua halijawaka. Ġgantija iko Xagħra, basi namba 307, ni mahekalu ya mawe yaliyojengwa zaidi ya miaka 5,000 iliyopita, kabla ya piramidi za Giza, na mawe mengine ni makubwa kiasi kwamba watu wa zamani walisema yaliletwa na mwanamke jitu. Kivuli ni kidogo, beba maji na kofia.

Lakini kama ningeambiwa nirudi sehemu moja tu ningerudi kwenye chumvi. Panda 310 hadi Marsalforn afu tembea kando ya bahari kuelekea Xwejni, kwa mwendo wetu ilikuwa kama nusu saa na kupumzika. Unakuta mwamba wote wa pwani umechongwa vishimo vya mraba mamia kwa mamia, maji ya bahari yanaingizwa, jua linayakausha, inabaki chumvi nyeupe wanaifagia kwa brashi na kuirundika. Mama mdogo kakulia Saadani, pwani ya Tanzania ambako pia wanavuna chumvi, akachuchumaa pale pamoja na magoti yake, akachukua punje akaionja, akasema mwanangu hii ni kazi ya kwetu kabisa.

Kando ya barabara mama mmoja anauza chumvi kwenye vifuko, anamhesabia mteja aliyetutangulia, sitta, sebgħa, tmienja, disgħa. Mama mdogo akanishika mkono, "Umesikia? Sita, saba, tisa!" Hapo kwenye nane tu ndo tumeachana nao. Kimalta kimetokana na Kiarabu na sisi tumekopa maneno mengi hukohuko, kwa hiyo bahari kwao ni baħar, kitabu ni ktieb, dunia ni dinja. Wakaanza kutajiana maneno, mama mdogo na yule muuza chumvi, huku wanacheka, basi letu likapita tukaliacha.

Na hapo niwaonye kuhusu kurudi. Jioni watu wote wanarudi pamoja, tulishuka feri Ċirkewwa tukakuta foleni ndefu, basi la kwanza likajaa tukabaki, la pili vilevile, mama mdogo kasimama karibu saa nzima na siku nzima alikuwa anatembea. Niliumia sana. Mkiwa na mtu mzima au watoto muanze kurudi kabla ya saa 10, au mkifika Mġarr mpande ile boti ya kasi inayokwenda moja kwa moja Valletta kama dakika 45, hiyo ina tiketi yake tofauti na ni ghali kidogo kuliko feri ila inakuvusha basi zote zile. Asubuhi angalieni kwanza upepo, ukiwa mkali boti za kasi zinafutwa na mtabaki na feri kubwa.