Sebule na jiko juu, vyumba vya kulala chini: majibu ya anayeishi humo

Mkuu, umeuliza kama ni busara kupandisha sebule na jiko ghorofani na vyumba vya kulala vibaki chini, kwa sababu mchoraji amekuletea ramani ya hivyo na mwenzako wa ndani anaiona vituko. Mimi naishi kwenye nyumba ya aina hiyo kwa miaka kadhaa sasa, na kabla ya hapo nilikaa ghorofa ya kawaida, kwa hiyo zote mbili nazijua.

Kubwa kuliko yote ni mwanga. Saa zote ambazo mko macho mnakuwa juu, ambako ukuta wa jirani haufiki. Chini dirisha linatazama ukuta, lakini kwa chumba ambacho unaingia usiku na kutoka asubuhi, kuna hasara gani? Kama kiwanja kimebanwa pande zote, au ukipanda juu kuna cha kutazama, hilo pekee linatosha kukushawishi. Kama ni tambarare na una bustani pana, nusu ya faida hii hauna.

Halafu kuna la kiufundi ambalo wengi hawalitaji. Vyumba vya kulala vina kuta nyingi, na zikiwa chini zinasaidia kubeba slabu, yaani sakafu ya zege ya ghorofani. Juu kinachobaki kubebwa ni paa tu, kwa hiyo sebule, jiko na sehemu ya kulia chakula vinaweza kuwa eneo moja wazi bila nguzo katikati, na dari ukitaka lifuate mteremko wa paa. Ukigeuza, sebule pana ikakaa chini na kuta za vyumba zikakaa juu yake, ndipo fundi anapoanza kudai bimu nene, yaani mihimili ya kubeba kuta hizo.

Joto lina pande mbili. Vyumba vya chini vina ubaridi na usingizi ni mtamu, kwa sababu slabu na ghorofa nzima vinakukinga na paa linalochomwa na jua. Ila joto hilo hilo mnalipokea nyinyi sebuleni mchana. Usikubali paa bila kizuia joto chini yake na matundu ya kutolea hewa sehemu ya juu kabisa. Anayejenga penye baridi yeye anafurahi, maana hewa ya moto inapanda yenyewe hadi anapokaa.

Na moto. Jiko ni moja ya sehemu ambazo moto huanzia mara nyingi, na moshi hupanda. Kwenye ghorofa ya kawaida unapanda kuelekea waliolala. Kwetu unawaacha chini, karibu na mlango wa nje. Sharti moja tu: madirisha ya chini lazima uyawekee nondo kwa ajili ya wezi, lakini kwa kila chumba walau dirisha moja liwe na nondo ambazo aliye ndani anaweza kuzifungua akatoka.

Sasa kero, na karibu zote zinatokana na jiko. Sakafu hadi sakafu ikiwa mita 3 na kila kipandio sentimita 17 hivi, hizo ni ngazi 18. Mzigo wa sokoni unapanda, mtungi wa gesi unapanda, taka zinashuka. Sisi tulifunga kapi pembeni ya roshani ya jiko, tunavuta mizigo kwa kamba. Majirani walicheka mwanzoni. Ngazi zenyewe zisiwe nyembamba wala zenye kona kali, la sivyo siku ya kuingiza friji na makochi utaona.

Kelele zinategemea sakafu. Slabu ya zege inazuia maongezi vizuri sana, lakini haizuii kishindo: kiti kikiburutwa, aliyelala chini anadhani ni chumbani kwake. Zulia na vipande vya mpira chini ya miguu ya viti vinapunguza. Sakafu ya mbao ni mbaya zaidi. Mwambie pia fundi bomba asipitishe bomba la maji machafu ya jikoni kwenye ukuta wa kichwani mwa kitanda.

Kwenye maji safi, mpangilio huu unakubeba. Kila mita 1 ya kimo cha tangi inakupa takriban 0.1 ya ba, kipimo cha presha. Mabafu yakiwa chini yanapata presha nzuri, na anayevumilia ni sinki la jikoni, ambalo halina shida sana.

Wageni ndio mtihani. Ngazi zikiwa mwisho wa korido, kila anayebisha hodi atapita mbele ya vitanda vyenu. Ngazi ziwe hapo hapo mlangoni, korido ya vyumba iwe na mlango wake, na choo cha wageni kiwe juu. Kama una watoto wadogo wanaocheza nje, weka pia ngazi ya kutoka roshani hadi uani.

Kuna wanaosema mpangilio huu unawafaa wazee kwa kuwa chumba kiko chini. Sikubaliani nao. Kwenye ghorofa ya kawaida mzee anapanda mara moja, anapokwenda kulala. Hapa anapanda kila akitaka kula au kukaa na watu, na siku magoti yakikataa anabaki chini peke yake akisikia vicheko juu. Kama nyumbani kuna mwenye shida ya miguu, mimi ningeirudisha ramani hiyo leo.

Isipokuwa kiwanja kiwe cha mteremko na lango liko upande wa juu. Hapo mnaingia moja kwa moja sebuleni na jikoni bila kupanda, vyumba vinakaa chini yenu upande wa bondeni, na suala la mizigo na wageni linakwisha. Hujasema kiwanja chako kimekaaje. Tuambie lango liko upande gani na nani wataishi humo, ndipo tuitazame hiyo ramani vizuri.