Velázquez: angalia msingi wa kanvasi kabla ya kuangalia brashi

Mwanzisha uzi ameuliza mambo mawili kuhusu Velázquez, mchoraji wa Hispania wa karne ya 17: aliwezaje kupaka rangi kidogo namna ile na bado sura zikaonekana zina damu, na mtu anayetaka kujifunza potreti (picha za sura za watu) kwake aanze na picha ipi. Aliyejibu kwanza amesema siri ni brashi za mpini mrefu. Ni kweli alizitumia, na mwandishi Palomino, aliyechapisha habari za maisha ya Velázquez mwaka 1724, anazitaja. Lakini mpini mrefu hautakusaidia chochote ikiwa kanvasi imeandaliwa vibaya. Mimi naona kazi yake yote inasomeka vizuri zaidi ukifuata ile rangi aliyoilaza chini kabla ya kuanza kuchora, yaani msingi. Alipita kwenye misingi ya aina tatu, na kila mmoja unakwenda na kipindi cha maisha yake.

Tuanze Sevilla. Alibatizwa huko tarehe 6 Juni 1599. Mwaka 1611 baba yake alitia saini mkataba wa kumweka kwa mchoraji Francisco Pacheco kwa miaka 6, ikihesabiwa tangu Desemba 1610. Machi 1617 alifaulu mtihani wa chama cha wachoraji, akapata ruhusa ya kufungua karakana yake, na mwaka uliofuata akamwoa Juana, binti wa mwalimu wake. Pacheco ametuachia maelezo ya msingi wa Sevilla: udongo laini wa pale pale mjini unasagwa, unakandwa na mafuta ya mbegu za kitani, unapakwa kwa kisu, unaachwa ukauke, unasuguliwa, kisha unarudiwa tabaka jingine. Unapata kahawia nzito. Mtazame bibi anayepika mayai wa mwaka 1618, aliyeko Edinburgh, au muuza maji wa Sevilla aliyeko London. Kwenye msingi wa namna hiyo kivuli unakipata bure, maana kahawia tayari ipo, lakini mwanga ni lazima uujenge kwa rangi nene. Ndiyo maana mikunjo ya uso wa bibi yule na mtungi wa muuza maji vinaonekana kama vimefinyangwa.

Hasara ya msingi wa giza kama huo huonekana baadaye. Rangi ya mafuta huzidi kupenyeza mwanga kadiri inavyozeeka, hasa nyeupe ya risasi (ile metali). Sehemu za katikati, zile zisizo mwanga wala kivuli, humezwa na kahawia ya chini. Ukichora mtu juu ya kahawia nzito kwa rangi nyembamba, utampenda mwaka huu, lakini wajukuu wako watakuta paji la uso na pua tu.

Mwaka 1622 alikwenda Madrid, hakumpata mfalme, akamchora mshairi Luis de Góngora na kurudi nyumbani. Agosti 1623 aliitwa tena kwa nguvu ya Olivares, waziri mkuu wa mfalme aliyekuwa na mizizi Sevilla. Akamchora Felipe IV akiwa kijana wa miaka 18, na tarehe 6 Oktoba akaandikwa kuwa mchoraji wa mfalme kwa mshahara wa dukati 20 kwa mwezi. Hapa ndipo kazi yake inapoachana na ya wachoraji wengine wa Hispania. Wao waliishi kwa oda za makanisa na watawa, picha kubwa zenye watu wengi, malipo kwa kipande. Yeye alipata uso mmoja wa kuurudia kwa zaidi ya miaka 30. Anayechora potreti anajua maana ya hilo: ukishaujua mfupa wa taya la mtu, huhitaji tena kuutafuta kwa rangi.

Msingi wa miaka hiyo ya kwanza Madrid ni mwekundu wa udongo. Unang'aa kuliko wa Sevilla ila bado una joto jingi, na kijivu chochote unachopaka juu yake kinaonekana baridi kuliko kilivyo. Kwenye potreti ya mfalme akiwa amevaa nguo nyeusi, iliyoko Prado, makumbusho ya Madrid, miguu ya zamani inajitokeza chini ya joho kwa sababu baadaye alibadilisha msimamo wake. Masahihisho ya namna hii yamejaa kwenye kazi zake. Alirekebisha juu ya kanvasi yenyewe, na michoro ya maandalizi inayojulikana kuwa yake ni michache mno. Anayesema Velázquez hakukosea hajatazama miguu ya farasi zake.

Mwaka 1627 alishinda shindano la wachoraji wa ikulu, akapewa cheo cha bawabu wa vyumba vya mfalme. Picha ya ushindi wenyewe hatunayo tena. Inaaminika iliungua usiku wa mkesha wa Krismasi mwaka 1734, ikulu ya Alcázar ilipoteketea. Mwaka 1628 mchoraji Rubens alifika Madrid akakaa miezi kadhaa, akinakili kazi za Titian, mchoraji wa Italia, zilizokuwa kwenye hazina ya mfalme. Agosti 1629 Velázquez akaenda Italia, na aliporudi Januari 1631 mkono wake ulikuwa umebadilika.

Kilichobadilika kwanza ni msingi. Kuanzia miaka ya 1630 unakuwa wa rangi nyepesi: nyeupe ya risasi nyingi, udongo wa njano au kahawia kidogo, nyeusi kidogo. Kijivu cha namna hiyo kinafanya kazi mbili kwa pamoja. Mwanga unapita kwenye rangi nyembamba, unagonga weupe wa chini na kurudi, kwa hiyo huhitaji unene ili pawake. Na hicho kijivu chenyewe tayari ni kivuli chepesi cha ngozi, unaweza kukiacha wazi pembeni ya shavu au chini ya kidevu. Ukitaka kujua aliwezaje kupaka kidogo, jibu kubwa ni hili. Pia alichanganya kalisaiti, unga wa mawe ya chokaa, kwenye rangi zake. Ndani ya mafuta unga huo karibu unapotea rangi; unaongeza mwili bila kuziba mwanga.

Picha ya kujifunzia jambo hili ni Felipe IV mwenye suti ya kahawia na fedha, ya mwanzoni mwa miaka ya 1630, iko National Gallery ya London. Ukisogea karibu, tarizi ya fedha si tarizi hata kidogo: ni vidoa na mikwaruzo ya nyeupe nzito juu ya kahawia nyembamba, havifuati mshono wowote. Rudi hatua kadhaa, inakuwa nguo. Uso ni kinyume chake, umepakwa laini bila alama za brashi. Wanaoiga hukosea hapo, wanatupa vidoa kila mahali hadi usoni. Yeye alijua jicho litasimama wapi, na hapo tu ndipo alipomalizia.

Alifikiria pia ukuta. Mwana wa mfalme, Baltasar Carlos, akiwa juu ya farasi, alichorwa atundikwe juu ya mlango katika ukumbi mkubwa wa ikulu ya Buen Retiro. Ukiitazama uso kwa uso tumbo la farasi linaonekana limevimba. Itazame kutoka chini na linakaa sawa. Kabla ya kuanza potreti ya oda muulize mteja itatundikwa wapi na kwa urefu gani.

Sasa, kwa nini kazi ni chache, kama 120 hivi zinazokubalika? Kwa sababu ikulu ilimlipa kwa kupanda vyeo, na vyeo vilikula siku zake. Mwaka 1652 akawa msimamizi mkuu wa makazi ya mfalme: funguo, samani, usafi, kuni, malazi ya msafara. Mwaka 1653 mfalme mwenyewe aliandika kwa mtawa mmoja kwamba hajachorwa kwa miaka 9, kwanza kwa uzito wa Velázquez katika kazi, pili kwa kuwa hataki kujiona anavyozeeka. Wapo wanaosema utumishi ulimharibia sanaa. Sikubaliani nao moja kwa moja. Ulituibia picha, ndiyo, lakini mshahara ndio uliompa uhuru wa kuiacha picha pale ilipokuwa imemtosha, bila mteja wa kudai kila kifungo kionekane.

Safari ya pili ya Italia, 1649 hadi 1651, ndiyo kilele. Alimpeleka Juan de Pareja, mzaliwa wa Antequera mwenye asili ya Afrika, mchoraji naye, na kisheria mtumwa wa Velázquez. Palomino anaeleza kwamba kabla ya kumchora Papa Inosenti X, Velázquez alijinyoosha mkono kwa kumchora Pareja. Tarehe 19 Machi 1650 picha hiyo ilionyeshwa hadharani Pantheon, Roma. Mtu ambaye sheria ilimhesabu kuwa mali amesimama kwa nafasi ya muungwana, mkono umekunjwa kifuani, macho hayamkwepi anayetazama. Novemba mwaka huohuo Velázquez alitia saini hati ya kumwacha huru, ila uhuru ungeanza baada ya miaka 4. Jambo hilo lazima litajwe kila tunapoisifu picha ile. Pareja aliendelea kuchora kwa jina lake. Kazi yake kuhusu kuitwa kwa Mathayo, ya mwaka 1661, iko Prado, naye amejichora ndani yake upande wa kushoto.

Papa yuko Roma, jumba la Doria Pamphilj: nyekundu ya pazia, nyekundu ya kiti, nyekundu ya kofia, nyekundu ya ngozi. Zinatofautiana kwa joto na kwa unene kuliko kwa rangi yenyewe. Baadhi ni zinjifuri, nzito na ya moto; nyingine ni nyekundu inayopenyeza mwanga, imepakwa juu ya tabaka lililokauka.

Las Meninas, 1656, picha ya binti mfalme na watumishi wake ambamo mchoraji amejichora pia, ina kimo cha takriban mita 3.2 na upana wa mita 2.8. Shavu la kushoto la binti mfalme liliharibika kwenye moto wa 1734 likarekebishwa, kwa hiyo usilifanye shavu hilo kuwa mwalimu wako. Msalaba mwekundu kifuani mwa mchoraji uliongezwa baada ya picha kwisha, kwa sababu uanachama wa Santiago, chama cha heshima cha makabaila, aliupata Novemba 1659. Ilibidi mashahidi zaidi ya 100 wahojiwe, na wachoraji wenzake wakaapa kwamba hakuwahi kuishi kwa kuuza picha. Hata hivyo ilihitajika ruhusa maalumu ya Papa. Mwaka uliofuata aliandaa malazi ya msafara wa mfalme hadi mpakani mwa Ufaransa, kumwoza binti yake kwa Louis XIV. Alirudi Madrid amechoka, akafariki tarehe 6 Agosti 1660. Juana alimfuata baada ya siku 8.

Kuhusu zoezi, anza na kichwa cha Pareja peke yake, ukubwa wa sentimita 40 kwa 50. Amerikani inafaa kama kitani hakipatikani, mradi uzi wake ni mzito. Paka jeso (rangi nyeupe ya kuandalia kanvasi) mara 2 au 3, piga msasa namba 220 kati ya tabaka. Juu yake changanya rangi ya mafuta: nyeupe sehemu 6, oka ya njano (rangi ya udongo) sehemu 1, nyeusi robo ya sehemu, tapentaini kidogo tu, na usambaze nyembamba kwa brashi pana. Acha wiki moja au zaidi mpaka ukucha usiache alama. Kijivu kikiwa cheupe mno utashindwa kuona mwanga wa paji la uso, kikiwa cheusi umerudi Sevilla.

Chora kwa kahawia iliyolegezwa, vivuli vyote kwanza, bila nyeupe. Ngozi ijengwe kwa nyeupe, oka, nyekundu ya moto, nyekundu ya kupenyeza, kahawia na nyeusi. Ya Pareja ina kahawia ya joto kwenye kivuli na kijivu kinachokaribia buluu pale mwanga unapogeuka. Kijivu hicho usikichanganye kwenye paleti; buruta rangi nyepesi juu ya kivuli kikavu, kitajitokeza chenyewe. Nyeupe ya titani ya dukani inaziba kuliko ya risasi aliyoitumia yeye, basi iongezee unga wa chaki hadi robo ya ujazo na tone la mafuta. Usitumie chokaa ya kupakia ukuta, ina ukali na huharibu mafuta.

Rangi ikizama na kuwa butu baada ya siku mbili, msingi wako unanyonya mno: paka mafuta membamba sana sehemu hiyo, futa yote kwa kitambaa, kisha endelea. Ikipasuka, ulipaka tabaka la juu lenye mafuta machache kuliko la chini. Kola nyeupe iwe ya mwisho, kwa rangi nene na mipigo michache, na vanishi isubiri miezi 6.